Mabomu ya London na Mizani ya Bahati

Alfajiri ya tarehe 13 Juni, 1944, bomu la kwanza lisilo na rubani liliangukia London. Mabomu ya namna hiyo, yaliyofyatuliwa na Wadachi hasa kutoka kaskazini ya Ufaransa, yaliua watu zaidi ya 6,000 katika Uingereza. Mtaa mmoja ulipigwa mara nne, wa jirani haukuguswa. Ikavuma habari kwamba mabomu huanguka kwa mafungu. Habari hiyo haikuwa porojo tupu. Kama adui aliweza kulenga mtaa autakao, mzazi mwenye kuhamisha watoto wake alikuwa na sababu ya kuchagua pa kuwapeleka.

Mwaka 1946 R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alilipima jambo hilo. Alitwaa eneo la kilomita za mraba 144 kusini ya London, akaligawanya katika miraba 576 iliyo sawa. Mabomu 537 yalikuwa yameanguka humo, yaani wastani wa 0.93 kwa kila mraba. Ikiwa yalianguka bila kuchagua, miraba mingapi ingetazamiwa kukosa bomu, na mingapi kupata moja, mawili, matatu? Kanuni ya kujibia swali hilo ilikuwako tangu 1837, katika kitabu cha Mfaransa Siméon Denis Poisson kilichohusu, ajabu, hukumu za mahakama. Haihitaji kitu ila wastani.

Kanuni ilitazamia miraba 227 isiyo na bomu, ikaonekana 229. Yenye moja ilitazamiwa 211, ikawa 211 hasa. Yenye manne au zaidi ilitazamiwa karibu 9, ikapatikana 8. Husemwa “manne au zaidi”, wala si manne barabara, kwa kuwa tokeo moja kamili, hata likiwa la kawaida, huweza kuwa na nafasi ndogo.

Mraba mmoja ukitazamwa peke yake, nafasi ya kupigwa hivyo ni kama 15 katika 1,000, na wataalamu aghalabu hutilia shaka lipungualo 50. Mwenye nyumba pale alikuwa na haki ya kushuku. Walakini miraba ilikuwa 576, na kwa kiasi hicho karibu tisa ingepatwa bila ya mtu kuilenga.

Jedwali la Clarke lina pembe moja ya giza. Mstari wa mwisho unataja mraba mmoja wenye mabomu “matano au zaidi”, bila kusema zaidi kiasi gani. Mwenye kujumlisha ataona kwamba miraba mingine yote ina mabomu 530. Huo basi ulipigwa mara saba. Nafasi ya mraba wa namna hiyo kutokea popote katika 576 ni kama 3 katika 100, chini ya mpaka uliozoeleka. Je, hapo palilengwa? Haielekei. Bomu liliongozwa na mtambo wenye dira, na rafadha ndogo puani ikahesabu mwendo mpaka wakati wa kuinama. Liliweza kuelekezwa kwenye mji, si kwenye mtaa. Tena mraba huo hutazamwa kwa sababu umekwisha kuonekana kuwa wa juu kuliko yote, na mwenye kuchagua mahali pa kupimia baada ya kuona matokeo ameipunja mizani yake mwenyewe.

Clarke hakupima mraba mmoja. Alilinganisha jedwali zima, akaona kwamba bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kama zile, au kubwa zaidi, mara 88 katika 100. Makala yake ilikuwa fupi mno, ikachapwa katika jarida la wataalamu wa bima.