Visiwa Vyetu: Yanayoonyeshwa Wageni na Yanayotuhusu Wenyewe

Ndugu zangu, watoto na wajukuu wa ukoo wetu mlioko Maskati, Dubai, London, Toronto na kwingineko,

Vijana wetu wamependekeza kwamba mkutano ujao wa Jumuiya ufanyike Unguja, na wamekwisha andika orodha ya mahali watakapopatembelea: kisiwa cha Changuu, Mkunazini, majumba ya kifalme ya Forodhani, Kidichi, mashamba ya viungo, na kwa watakaopata nafasi, Pemba. Mimi niliyehama Unguja mwaka 1985, nikiwa na umri wa miaka 27, nikafanya kazi ya serikali hapa Maskati hadi nikastaafu, nimelifurahia sana pendekezo hilo. Hata hivyo naona ni wajibu wangu kuwakumbusha kwamba mahali hapo pote, pamoja na kuwa pa starehe, pamebeba historia yetu sisi wenyewe. Yako maswali huko ambayo mwongozaji wa watalii hawezi kuyajibu. Wa kuyajibu ni sisi wazee.

Tuanze na Changuu. Watalii huvuka kwa mashua kutoka Mji Mkongwe kwenda kuogelea na kuwalisha kobe wakubwa, ambao asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kisiwa hicho huitwa pia Kisiwa cha Gereza, na jengo la gereza lipo kweli. Lloyd Mathews, aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa mwaka 1893 na gereza likajengwa, lakini halikupata kutumika kama gereza. Liligeuzwa kuwa karantini ya abiria wa vyombo vilivyoshukiwa kuwa na maradhi. Kabla ya hayo yote, watumwa waliokaidi walikuwa wakifungiwa kisiwani humo wakingoja kuuzwa ng'ambo. Kisiwa jirani cha Chapwani nacho kina makaburi, yakiwemo ya mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg katika bandari yetu tarehe 20 Septemba 1914. Basi visiwa hivi ambavyo leo watu hulipa fedha kwenda kuvistarehea, zamani ndivyo wenye mamlaka walivyoviwekea wakaidi, wagonjwa na maiti.

Mkunazini mtaonyeshwa kanisa kuu la Waanglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, baada ya Seyyid Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Nje ya kanisa lipo shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Mtashushwa pia katika vyumba vya chini na kuambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba jengo lile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Vyovyote iwavyo, soko lilikuwapo, na waliouzwa walikuwapo.

Kutoka hapo mtakwenda katika jumba la kifalme, ambalo tangu mwaka 1994 ni makumbusho. Kimo chumba cha Sayyida Salma binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Wageni husimama hapo muda mrefu kwa sababu kisa chake ni cha ajabu. Nawaombeni mumkumbuke na mama yake. Alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto mdogo, akawa suria wa Seyyid Said. Masultani waliomfuata Seyyid Said katika enzi ya Unguja, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walizaliwa na masuria. Kuwa mtoto wa suria hakukumzuia mtu kukalia kiti cha enzi. Lakini majina ya akina mama hao ni wachache wanaoyajua.

Hapa ndipo safari inapotufikia sisi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinieleza, kwa sauti ya chini, kwamba bibi yake aliletwa kutoka upande wa Nyasa angali mtoto, akakulia katika nyumba ya babu yetu mwenye shamba, akawa suria wake na kumzalia watoto. Wengi wetu tunaokutana katika Jumuiya hii tumetokana na watoto hao. Nasaba iliyochapwa katika vitabu vyetu vya mikutano iliyopita inaanza na babu aliyetoka Oman, ikashuka kwa wanaume hadi leo. Bibi huyo hayumo. Kijana atakayesimama mbele ya lile shimo la Mkunazini akauliza, "Sisi tulikuwa upande upi?", jibu la kweli ni kwamba tulikuwa pande zote mbili. Katika damu yetu wamo walionunua na wamo walionunuliwa.

Jambo hilo litawadhihirikia zaidi katika mashamba ya viungo. Huko mtanusishwa majani ya mdalasini, mtaonjeshwa kungumanga, na mtavikwa kofia za makuti. Mikarafuu ilifika visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba haikudhurika sana, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu nyingi. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa zaidi ni watumwa. Sheria ya mwaka 1897 iliondoa utumwa, ila masuria hawakuhesabiwa humo hadi mwaka 1909.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba yalitaifishwa, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Shamba la babu yetu nalo likagawiwa. Najua kwamba jambo hilo bado linawauma baadhi ya wazee wetu, na sikusudii kulifungua upya hapa. Nasema tu kwamba watu wanaolima pale leo, baadhi yao yamkini ni jamaa zetu kwa upande wa bibi yule. Tukienda, twende kuwaamkia, tusiende kuhesabu minazi.

Kidichi msiache kuyaona mahamamu aliyoyajenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Wenye nafasi wavuke hadi Pemba wakauone msitu wa Ngezi na kisiwa cha Misali. Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo la mawe likiporomoka, lina picha na ramani zake. Mzee akifariki bila kuulizwa, hakuna cha kumjengea upya.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo nashauri siku mbili za mwanzo ziwe za matembezi na kuogelea. Siku ya tatu twende shambani na makaburini, vijana wakiwa na daftari na vinasa sauti, wawaulize wazee waliobaki. Nashauri pia kwamba katika nasaba itakayochapwa kwa mkutano huo bibi yetu aandikwe mahali pake, juu ya watoto wake. Jina alilopewa na waliomnunua tunalo. Jina alilozaliwa nalo hatunalo, na mahali pake pabaki wazi, ili watakaotufuata wajue kwamba lilikuwapo.

Wabillahi taufiq.