Waandishi wa treni za New York: Majina yalifutwa, urithi ukabaki

Na Mwandishi Wetu

TAREHE 12 Mei, 1989, Mamlaka ya Usafiri ya Jiji la New York, Marekani, ilitangaza kuwa behewa la mwisho lenye grafiti limeondolewa katika njia zake za treni za chini ya ardhi. Kwa maofisa wa mamlaka hiyo, huo ulikuwa mwisho wa vita vilivyodumu kwa karibu miaka 20.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuja wakati sanaa iliyofukuzwa relini ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Kuta za Paris, Amsterdam na London zilikuwa tayari zimejaa herufi zilizobuniwa na vijana wa Bronx, Brooklyn na Manhattan, ambao wengi wao walianza kabla ya kutimiza miaka 18.

Vijana hao hawakujiita wachoraji. Walijiita waandishi, kwa kuwa kazi yao ya kwanza ilikuwa kuandika jina.

Tarishi na namba ya mtaa

Mtindo wa kuandika lakabu katika kuta za jiji ulianza kushamiri Philadelphia katikati ya miaka ya 1960, ambako kijana aliyejiita Cornbread alijaza jina lake mitaani. Miaka michache baadaye desturi hiyo ilipamba moto New York.

Miongoni mwa waliotangulia New York ni JULIO 204, aliyeambatanisha jina lake na namba ya mtaa aliokuwa akiishi. Aliyemfuata, na ambaye jina lake lilivuma zaidi, ni TAKI 183, kijana mwenye asili ya Ugiriki aliyeishi Mtaa wa 183 katika eneo la Washington Heights.

Taki alifanya kazi ya utarishi. Kazi hiyo ilimzungusha jiji zima kwa treni, na kila alikopita aliacha jina lake kwa kalamu nene ya wino. Julai 21, 1971, gazeti la The New York Times lilichapisha habari kumhusu na kueleza kwamba vijana wengi walikuwa wakimuiga. Gazeti hilo liliripoti pia kuwa kufuta maandishi ya aina hiyo katika treni na vituo kulikuwa kukigharimu takriban dola 300,000 kwa mwaka.

Baada ya habari hiyo, walioandika waliongezeka maradufu. Kijana asiye na fedha wala cheo aligundua kwamba jina lake lingeweza kusomwa na watu wa jiji zima, kwa sababu behewa lililoandikwa usiku Bronx lilionekana asubuhi Brooklyn.

Kutoka saini hadi behewa zima

Majina yalipokuwa mengi, kuandika tu hakukutosha tena. Ilibidi jina lionekane kuliko mengine, na hapo ndipo ushindani wa mitindo ulipoanza.

SUPER KOOL 223 anatajwa kuwa mmoja wa wa kwanza kuchora jina kubwa lililojazwa rangi ubavuni mwa behewa, mwaka 1972. PHASE 2 wa Bronx alibuni herufi nene zilizofura mfano wa mapovu, kisha akaziongezea mishale na vipinda ambavyo vizazi vilivyofuata viliendelea kuviiga. STAY HIGH 149 alijulikana kwa kikatuni cha mtu mwembamba anayevuta sigara, alichokitohoa kutoka alama ya mchezo wa televisheni wa The Saint.

Wasichana nao hawakubaki nyuma. BARBARA 62 na EVA 62 walikuwa wakiandika tangu miaka ya mwanzo. Mwaka 1979 aliingia LADY PINK, mzaliwa wa Ecuador, aliyechora treni katika kundi lililotawaliwa na wavulana.

Mwaka 1976, kundi la Fabulous 5, ambalo Lee Quiñones alikuwa mmoja wake, lilifanikiwa kuchora treni nzima yenye mabehewa 10. Mwaka 1980, DONDI wa Brooklyn alichora mabehewa kadhaa aliyoyapa jina la Children of the Grave. Mwaka huohuo Fab 5 Freddy alichora ubavuni mwa treni makopo ya supu, akimrejelea msanii Andy Warhol.

Sheria zisizoandikwa

Waandishi walikuwa na kanuni zao. Chipukizi alijifunza kwa aliyemtangulia, akianza kwa kuchora katika daftari kabla ya kugusa behewa. Kufunika kazi ya mwenzako kwa jina lako ilikuwa dharau iliyoweza kuzua ugomvi mkubwa. Aliyejaza jina lake katika njia moja ya treni kuliko wengine wote alitambuliwa kuwa mfalme wa njia hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Ilifanyika usiku katika maegesho ya treni na ndani ya mahandaki, karibu na reli ya tatu inayopitisha umeme wa volti zaidi ya 600. Makopo mengi ya rangi ya kupuliza yaliibwa madukani.

Kilio cha abiria

Si kila mtu aliyeiona sanaa katika mabehewa hayo. Jiji lilikaribia kufilisika mwaka 1975, treni ziliharibika mara kwa mara na uhalifu uliwatia abiria hofu. Wengi walichokiona si majina ya wachache waliobobea, bali mikwaruzo ya wino iliyoziba madirisha na ramani za njia.

Mwaka 1979, mwanasosholojia Nathan Glazer aliandika kwamba grafiti ziliwaogofya abiria kwa sababu ziliwaonyesha kuwa serikali imeshindwa kudhibiti mahali walipolazimika kukaa kila siku. Hoja iliyofanana na hiyo ilipata nguvu mwaka 1982, wasomi James Q. Wilson na George Kelling walipotoa nadharia ya dirisha lililovunjika, iliyokuja kuathiri mbinu za polisi katika miji mingi.

Meya John Lindsay ndiye aliyeanza mapambano. Mwaka 1972 jiji lilipitisha sheria iliyopiga marufuku kubeba kopo la rangi ya kupuliza lililo wazi hadharani. Mwaka 1977 kukaanzishwa uoshaji wa mabehewa kwa kemikali kali. Chini ya Meya Edward Koch, maegesho yalizungushiwa uzio wa seng'enge na mbwa wa ulinzi wakaletwa.

Kilichomaliza mchezo, hata hivyo, ni uamuzi uliochukuliwa mwaka 1984, David Gunn alipoanza kuongoza mamlaka ya treni. Behewa likishasafishwa halikuruhusiwa tena kubeba abiria likiwa na maandishi. Mwandishi aliyehangaika usiku kucha alinyimwa alichokitafuta, yaani jina lake kuonekana. Katika muda wa miaka mitano, mabehewa zaidi ya 6,000 yalisafishwa.

Kifo cha Michael Stewart

Mapambano hayo yaliacha pia jeraha. Alfajiri ya Septemba 15, 1983, kijana mweusi Michael Stewart, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alikamatwa na polisi wa treni katika kituo cha First Avenue, akidaiwa kuandika ukutani. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui na alifariki dunia Septemba 28.

Maofisa sita walishitakiwa na wote waliachiwa huru mwaka 1985. Mchoraji Jean-Michel Basquiat, aliyetikiswa na kifo hicho, alichora picha kukihusu katika ukuta wa studio ya mwenzake Keith Haring. Kwa vijana wengi weusi na wenye asili ya Amerika Kusini, tukio hilo lilionyesha kuwa adhabu ya mwandiko ukutani iliweza kuwa kubwa kuliko kosa lenyewe.

Kamera zilizookoa kazi

Kwa kuwa kazi za treni zilifutwa ndani ya siku au miezi, zingepotea zote kama si wapiga picha. Martha Cooper alisubiri kwa saa nyingi katika viwanja vitupu vya Bronx ili treni ipite. Henry Chalfant alisimama katika vituo vya juu, akapiga picha za behewa kipande kwa kipande na kuziunganisha.

Kitabu chao, Subway Art, kilitoka mwaka 1984. Mwaka mmoja kabla yake zilitoka filamu mbili, Style Wars ya Tony Silver na Chalfant, na Wild Style ya Charlie Ahearn, ambamo Lee na Lady Pink waliigiza. Kwa njia hiyo vijana wa Ulaya na kwingineko walijifunza mitindo ya treni ambazo hawakuwahi kuzipanda.

Soko la sanaa nalo lilikuwa limeanza kuwatazama mapema. Mwaka 1973, kikundi cha United Graffiti Artists, kilichoanzishwa na mwanafunzi Hugo Martinez, kilionyesha kazi zake katika ukumbi wa Razor, New York. Mwaka 1979, kazi za Lee na Fab 5 Freddy zilionyeshwa Roma, Italia.

Sheria yageuka

Mabadiliko makubwa zaidi yalionekana mahakamani. Mwaka 2013, mmiliki wa majengo ya 5Pointz, Queens, alizipaka rangi nyeupe kuta zilizochorwa kwa idhini yake mwenyewe. Mwaka 2018, jaji aliamuru wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.75 kwa kuharibiwa kazi zao, na hukumu hiyo ilithibitishwa katika rufaa mwaka 2020. Katika jiji lilelile lililotumia fedha nyingi kufuta grafiti, aliyezifuta ndiye aliyetakiwa kulipa.

Fidia hiyo haikuwagusa waandishi wa treni wa miaka ya 1970, ambao hawakuwa na idhini ya mtu. Baadhi yao hawapo tena: DONDI alifariki mwaka 1998, STAY HIGH 149 mwaka 2012 na PHASE 2 mwaka 2019.

Mabehewa yao nayo yametoweka. Mengi ya zamani yalipakwa rangi nyekundu katika miaka ya 1980 ili kuzuia grafiti, na kuanzia mwaka 2001 zaidi ya 1,200 kati ya hayo yalizamishwa katika Bahari ya Atlantiki, kwenye pwani ya Delaware na majimbo mengine, yawe mazalia ya samaki.

Kilichosalia ni picha na madaftari. Mwaka 1994, mchoraji Martin Wong alilikabidhi Jumba la Makumbusho la Jiji la New York mamia ya kazi alizokusanya kutoka kwa waandishi hao, yakiwamo madaftari waliyojifunzia herufi kabla ya kuingia maegeshoni usiku. Makumbusho hayo yaliyaonyesha kwa umma mwaka 2014, miaka 25 tangu behewa la mwisho lililochorwa lilipoondolewa relini.