Maji ya Shela

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3 kwa miguu, ukifuata ufuo. Huhitaji kiongozi; chunga maji tu, maana bamvua likijaa utalowa.

Maji hayohayo yaliwamaliza wapiganaji wa Pate na Wamazrui wa Mombasa mnamo 1812 hivi. Walishindwa hapo Shela, wakakimbilia majahazi yao, kumbe maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa palepale. Lamu ikihofia kisasi ikamwita Seyyid Said wa Oman, na ndipo Waomani wakaingia.

Ukishaupita msikiti wa Ijumaa wa 1829, panda vilima vya mchanga. Chini yake ndiko yaliko maji matamu yanayolisha visima vya Lamu. Juu yake, majumba yanazidi kujengwa.