Mombasa hadi Dubai: Umbali wa angani na saa za safari

Umbali wa angani kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, na ule wa Dubai ni takriban kilomita 3,670. Kipimo hicho ni cha njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ndege iendayo kilomita 850 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa nne na dakika 20 hivi, lakini kupaa, kutua na kupinda kwa njia za anga huifikisha safari kwenye saa tano na zaidi. Majahazi yaliyongoja pepo za kusi yaelekee Ghuba yalihitaji majuma kadhaa.

Mnamo Januari 2024 shirika la flydubai lilianzisha safari za moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili. Anayepitia Nairobi huruka kwanza kilomita 420, kisha nyingine 3,560 hadi Dubai. Jumla humzidishia kilomita 300 tu, ambazo angani ni kama dakika 20. Kinachomla muda ni kungoja ndege ya pili, na kungoja huko huweza kupita saa za safari yenyewe. Hatari huzidi kwa aliyenunua tiketi mbili mbalimbali, maana ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili kwa kawaida halina wajibu wa kumsubiri wala kumfidia. Kwa kijana aendaye kuanza kazi Ghuba kwa nauli ya mkopo, hilo si jambo dogo.

Mkazi wa Liwatoni huwa na safari nyingine kabla ya hiyo. Uwanja uko bara, ng'ambo ya Makupa, mwendo usiofika kilomita 15, ila msongamano wa malori ya bandari huko Changamwe hauna ratiba. Wa Likoni huweza kuepuka feri kwa kupitia Dongo Kundu. Abiria wa kimataifa hushauriwa kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka.

Saa za Dubai zimetangulia za Kenya kwa saa moja. Anayeondoka Mombasa saa nne asubuhi, akasafiri saa tano na nusu, atatua saa kumi na nusu alasiri kwa saa za huko.

Tiketi, hata hivyo, haifuati saa ya Kiswahili. Huandikwa kwa saa 24, na tarehe hubadilika saa sita usiku, si magharibi wala alfajiri. Hapo ndipo wengi hukosea. Saa 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na aliyeandikiwa saa hiyo ya tarehe 15 hana budi kutoka Liwatoni jioni ya tarehe 14.