Mswada Uliobaki London

Desemba 1845 Royal Society ya London ilipokea makala ndefu kutoka Bombay. Aliyeituma, John James Waterston, alikuwa Mskoti wa miaka 34, mzaliwa wa Edinburgh, ambaye tangu 1839 alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa jeshi la majini la Kampuni ya India Mashariki. Hakuwa profesa, wala hakuwa mwanachama wa jumuiya aliyoiandikia. Bombay ya siku zile haikuwa ngeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki: pembe za ndovu za Unguja zilikwenda huko, na bidhaa za huko zilirudi na majahazi ya kaskazi. Lakini kwa mtu aliyetaka kusomwa na wanasayansi wa Ulaya, ulikuwa mji wa mbali. Barua ya London ilikaa njiani zaidi ya mwezi mmoja, na jibu lake muda kama huo. Swali moja dogo la mhariri lingeweza kumgharimu mwandishi miezi miwili au mitatu.

Makala yenyewe ilihusu gesi. Waterston alieleza kwamba gesi ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno, yaani molekuli, zisizotulia hata kidogo: huruka kila upande, zikigongana zenyewe kwa zenyewe na kuzigonga kuta za chombo pasipo kupoteza nguvu. Shinikizo la gesi ni jumla ya magongano hayo, na joto si kitu kingine ila mwendo huohuo. Kisha akasonga hatua moja mbele ambayo hakuna aliyekuwa amepata kuipiga kabla yake. Gesi mbili zikichanganywa na kufikia halijoto moja, alisema, molekuli nzito huenda polepole na nyepesi huenda kwa kasi, kwa namna ambayo tungamo ikizidishwa kwa wastani wa mraba wa kasi, jawabu huwa moja kwa zote mbili. Kanuni hiyo leo hufundishwa kwa wanafunzi wa fizikia kama jambo lililokwisha kukubalika. Mwaka 1845 wasomi wengi bado walidhani kwamba joto ni aina ya umajimaji usioonekana, utokao kitu kimoja na kuingia kingine. Haki inataka isemwe pia kuwa makala haikukosa dosari. Katika hesabu ya uwiano wa viwango viwili vya joto la gesi, Waterston aliteleza.

Ili kufahamu yaliyoipata makala hiyo, yafaa kurudi nyuma kidogo. Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, alianzisha Philosophical Transactions Machi 1665, miezi miwili tu baada ya Denis de Sallo kutoa Journal des sçavans huko Paris. Oldenburg aliamua mwenyewe nini kichapishwe na nini kiachwe. Jarida lilikuwa mali yake na hasara yake. Hali ilidumu karibu hivyo, katibu mmoja akimrithi mwingine, hadi 1752, jumuiya ilipolitwaa jarida na kuunda Kamati ya Makala. Kamati ilipiga kura ya siri, na kura haina haja ya kutoa sababu. Huo ndio uliokuwa utaratibu kwa karibu miaka themanini, na ni vigumu kuusifu.

Mabadiliko yaliletwa na William Whewell wa Cambridge. Mwaka 1831 alipendekeza kwamba kila makala ipewe wasomaji wawili wataalamu, nao waandike ripoti itakayochapishwa. Lengo lake halikuwa hasa kuwachuja waandishi. Alitaka umma uione sayansi ikijadiliwa na wanaoijua. Makala ya kwanza kupitishwa katika njia hiyo ilikuwa ya George Airy, juu ya mwendo wa Dunia na Zuhura, na wasomaji wake walikuwa Whewell mwenyewe pamoja na John William Lubbock. Wawili hao hawakuelewana. Whewell alitaka kuonyesha ukubwa wa ugunduzi. Lubbock alitaka kuhesabu makosa, na aliyaona mengi. Hatimaye Lubbock alikubali kutia sahihi maneno ya mwenzake, na ripoti ikasomwa mwaka 1832. Haukupita muda mrefu, ripoti za aina hiyo zikaacha kuchapishwa na zikawa za siri. Kwa hiyo kile kilichozaliwa kama mazungumzo ya hadhara kiligeuka kuwa hukumu ya faragha, na yule aliyependa kuhesabu makosa ndiye aliyefaa zaidi kazi hiyo mpya.

Makala ya Waterston ilipelekwa kwa wahakiki wawili. Mmoja alikuwa Baden Powell, profesa wa jiometri wa Oxford. (Mwanawe Robert, mwanzilishi wa skauti, amezikwa Nyeri, Kenya.) Profesa huyo aliandika kwa uangalifu kwamba msingi wa nadharia hiyo ni mgumu kukubalika na hautoshi kujengewa hesabu. Mhakiki wa pili alikuwa Lubbock yuleyule. Yeye hakuzunguka: aliona makala nzima ni upuuzi mtupu, usiostahili hata kusomwa mbele ya jumuiya.

Hata hivyo ilisomwa, tarehe 5 Machi 1846, na hapo ndipo madhara makubwa yalipotokea. Kwa kanuni za Royal Society, makala iliyokwisha kusomwa kikaoni ilikuwa mali ya jumuiya. Iwapo ilichapishwa au haikuchapishwa, karatasi zake hazikurudishwa kwa mwandishi. Ziliwekwa katika hifadhi ya nyaraka. Muhtasari mfupi ulitolewa, usiotosha kumwonyesha msomaji njia ya hoja. Na Waterston, kwa imani au kwa haraka, hakuwa amejiwekea nakala.

Kiswahili kina jozi ya maneno inayofaa hapa. Mswada, neno lenye asili ya Kiarabu, ni andiko la kwanza, karatasi zilizotiwa weusi wa wino; nakala ni kile kitokacho humo ili kisambae. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imefika hadi leo kwa sababu ilinakiliwa kwa mikono ya watu wengi, kila mmoja akiwa na hati yake na makosa yake, hata isingewezekana kwa sanduku moja lililopotea au nyumba moja iliyoungua kuifuta. Mwalimu wa Bombay alikuwa na mswada bila nakala. Alipoutuma, aliituma kazi yake yote.

Mfano wa kulinganisha upo, tena wa jambo hilohilo. Mwaka 1820 John Herapath, mwalimu aliyejifunza hesabu peke yake, aliipelekea Royal Society makala iliyoeleza gesi kwa mwendo wa chembe zake. Humphry Davy, aliyekuwa rais wa jumuiya tangu mwaka huo, hakuridhika nayo. Herapath alipoona mambo yanakwenda mrama aliiondoa kabla ya kusomwa, akaichapisha mwaka uliofuata katika Annals of Philosophy. Kwa kuwa ilikuwa imechapishwa, James Joule aliweza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1840 alipokadiria kasi ya molekuli. Nadharia ya Herapath ilikuwa na kasoro kubwa kuliko ya Waterston, kwani alikosea hata maana ya halijoto. Lakini iliingia katika mkondo wa mazungumzo, na ya Waterston haikuingia. Wote wawili walikataliwa na mlango mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja aliondoka na karatasi zake mkononi.

Waterston hakukaa kimya kabisa. Mwaka 1851 maelezo mafupi ya nadharia yake yalitolewa katika mkutano wa British Association mjini Ipswich, na muhtasari mwingine ukachapwa. Mwaka 1857 aliacha kazi Bombay akarejea Uskoti, akaishi kwa akiba yake na kuendelea kuandika. Wakati huohuo wengine walikuwa wakifika alikokwisha kufika yeye. Rudolf Clausius alichapisha makala yake juu ya mwendo unaoitwa joto mwaka 1857. James Clerk Maxwell alifuata mwaka 1860, akiongeza jambo ambalo Waterston hakuwa nalo, yaani namna kasi za molekuli zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Clausius na Maxwell hawakuwa na njia ya kujua kwamba baadhi ya hesabu zao zilikwisha kufanywa, nazo zimelala kabatini London.

Mwaka 1878 Waterston aliipelekea Royal Astronomical Society makala mbili, zote zikakataliwa, naye akajiuzulu uanachama wake. Jamaa zake walikumbuka baadaye kwamba mtu huyo mpole alibadilika kila zilipotajwa jumuiya za wasomi. Hakutaka hata kuzisikia. Tarehe 18 Juni 1883 alitoka nyumbani kwake Edinburgh kwenda matembezini, asirudi. Ilidhaniwa alitumbukia mferejini na kuzama.

Miaka minane baada ya hapo Lord Rayleigh, aliyekuwa mmoja wa makatibu wa Royal Society, alikuwa akisoma makala ya Waterston ya 1858 kuhusu sauti. Ndani yake aliona mwandishi akirejelea kazi aliyowahi kuipeleka kwa jumuiya. Rayleigh alikuwa na fursa ambayo hakuna mwingine aliyeitumia kwa miaka arobaini na mitano: aliingia katika hifadhi akaitafuta. Aliikuta, akaisoma, akatambua alichokishika. Makala ilichapishwa katika Philosophical Transactions mwaka 1892, ikiwa na utangulizi wake.

Utangulizi huo unastahili kusomwa kwa makini, kwa maana una uungwana na ukaidi pamoja. Rayleigh alikiri kwamba kutochapishwa kwa makala hiyo kuliichelewesha taaluma kwa miaka kumi au kumi na mitano. Alisema pia kuwa ni shida kwa mtu wa kizazi chake kujiweka mahali pa mhakiki wa 1845. Hayo ni maneno ya haki. Lakini kisha akatoa ushauri: mwandishi asiyejulikana, mwenye mawazo makubwa yasiyothibitika, afanye kwanza kazi ndogo ambayo thamani yake inapimika kwa urahisi, apate jina, ndipo aruke juu. Tena kazi za kubuni sana zitafutiwe njia nyingine, si jumuiya ya kisayansi, kwa kuwa jumuiya husita kuingiza katika kumbukumbu zake kitu kisicho na uhakika.

Ushauri huo ni wa busara ya kidunia, na wapo wasimamizi wa tasnifu wanaoutoa hadi leo. Walakini haujibu kesi iliyokuwa mbele yake. Waterston hakudhuriwa na ujana wake wala na ukubwa wa wazo lake. Royal Society ingekataa makala na kumrudishia karatasi zake pamoja na sababu mbili tatu, angeipeleka Philosophical Magazine au kwingineko, kama Herapath alivyofanya. Lubbock alikuwa na ruhusa ya kukosea. Mhakiki yeyote anayo. Kanuni iliyomfanya mhakiki mmoja aliyekosea kuwa msomaji wa mwisho haikuandikwa na Lubbock, na Rayleigh, katibu wa nyumba ileile, hakuigusa.

Kuna kisa kingine kinachomhusu Rayleigh mwenyewe, kilichosimuliwa na mwanawe katika wasifu wa baba yake. Makala yake moja iliwahi kufika British Association ikiwa jina la mwandishi limeachwa au limebanduka. Kamati iliikataa, ikidhani ni ya mmoja wa wale watu wanaopenda kupinga kila kanuni. Jina lilipojulikana, makala ikaonekana kuwa na ubora wake. Wanaotetea uhakiki wa kuficha majina hukitumia kisa hiki, na wanaoupinga hukitumia pia, kwa maana kamati iliyofichwa jina ndiyo iliyokataa kazi nzuri. Linaloonekana wazi ni kwamba wasomaji wale walihitaji jina ili wajue wasome vipi. Jina la Waterston halikuwasaidia chochote.

Mtafiti wa Kiswahili anayeishi leo Muscat au Leeds hutuma makala yake jioni na kupata risiti kabla hajafunga kompyuta. Nakala anazo, ripoti za wahakiki huletewa, na akikataliwa hapa hugeukia pale. Masharti hayo matatu yanaonekana madogo mno kiasi kwamba hakuna ayatajaye. Waterston hakuwa na hata moja.

Makala iliyochapwa mwaka 1892 haikuwekwa tarehe ya mwaka huo kichwani mwake. Chini ya jina la mwandishi, aliyekuwa amekufa miaka tisa, wachapaji waliweka tarehe mbili kama desturi ya jarida ilivyotaka: ilipokewa Desemba 1845, ilisomwa Machi 1846.