Kampuni ya mgodi inapotenda kama serikali

Gécamines iliendesha shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi katika Kolwezi, na wengi waliiona kuwa baba na mama. Mwaka 2010 iligeuzwa kuwa kampuni ya biashara, lakini mwenye hisa zake ni serikali. Leo kampuni za kigeni zinachimba pia, na mara nyingi askari polisi ndio wanaolinda migodi yao. Basi, familia ikifukuzwa katika nyumba yake, tumuulize nani?

Katiba ya 18 Februari 2006 inajibu. Kifungu cha 60 kinasema kwamba haki za binadamu zinapaswa kuheshimiwa na mamlaka za serikali na kila mtu pia. Kwa hiyo kampuni haiwezi kusema, “Katiba hainihusu, mimi si serikali.” Kifungu cha 34 kinalinda mali: mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya wote, kwa kufuata sheria, na fidia ya haki ikitangulia.

Tena, serikali haiwezi kujificha nyuma ya kampuni. Tukumbuke Kilwa, karibu na ziwa Mweru. Mwezi wa Oktoba 2004 jeshi liliurudisha mji huo kutoka kwa waasi, na zaidi ya watu 70 waliuawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining yalitumiwa na askari. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi iliwaachilia wafanyakazi wa kampuni walioshtakiwa. Lakini Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2017, iliona kwamba Kongo ilivunja haki za watu hao. Iliagiza walipwe fidia, na wahusika wa jeshi na wa kampuni wafuatiliwe kisheria.

Kwa hiyo, neno la kupima si jina lililoandikwa getini. Tuulize: Nani alitoa amri? Nani alileta askari, magari na pesa? Nani mwenye hisa? Nani alipaswa kuzuia, akanyamaza?

Tunawashauri wazee wa makanisa wasaidie familia kuandika tarehe, kupiga picha za nyumba na mashamba, na kutunza karatasi zote. Barua ipelekwe kwa kampuni na nakala yake kwa gavana, tena mpokeaji atie sahihi. Wasikubali kutumwa huku na huku: haki inadaiwa kwa wote wawili.