Neno "Line" na Mpaka wa Rwenzori

Mwanafunzi wa Kyarumba, wilayani Kasese, akiulizwa maana ya neno la Kiingereza "line", hujibu upesi: mstari. Jibu hilo latosha katika somo la hesabu. Katika somo la historia halitoshi.

Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani walikutana Brussels wakakubaliana juu ya "line" ipitayo katika Milima ya Rwenzori. Hiyo kwetu ni mpaka. Uliwaacha Wakonzo upande wa Uganda na ndugu zao Wanande upande wa Kongo, hali lugha zao zasikilizana. Mwalimu akiuita mstari, darasa litaona wino wa ramani tu. Halitaona jamaa waliotengwa. Huko Mpondwe, jirani na Bwera, mpaka wenyewe ni Mto Lhubiriha, na wachuuzi wangali wakiuvuka.

Mwaka 1956 "line" nyingine ilifika Kasese kuchukua shaba ya Kilembe: hiyo ni njia ya reli. Abiria waliojipanga kungoja tikiti walifanya foleni, neno ambalo, yasemekana, lilitokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza. Mvuvi wa Katwe hutumia mshipi. Mtafuta nasaba hutaja ukoo.

Kiswahili kimelipokea pia neno lenyewe: mwenye simu hununua laini. Lakini laini yenye maana ya ororo ilitutoka Uarabuni zamani, wala haina udugu na hiyo ya simu. Kamusi yapasa kuziandika mbalimbali.